Mwongozo kamili wa kutengeneza modeli ya kompyuta ya mlango wa bahari: mfano wa mlango wa Shela, Lamu

Mlango wa bahari ulio kati ya Shela, katika kisiwa cha Lamu, na Ras Kitau, katika kisiwa cha Manda, hupitisha maji mara nne kwa siku: mara mbili yakijaa na mara mbili yakipwa. Kila yapitapo, maji hayo huchukua mchanga na kuutua penginepo, huku mawimbi ya kusi yakiusukuma kwa miezi kadhaa kuelekea upande mmoja na yale ya kaskazi yakiurudisha. Manahodha wa Lamu wamelijua jambo hili tangu enzi za mitepe, wala hawahitaji kompyuta ili waambiwe fungu la mchanga limehamia wapi. Kompyuta huhitajika pale tunapouliza juu ya jambo ambalo bado halijatokea: mfereji ukichimbwa, mikoko ikikatwa, au usawa wa bahari ukipanda, mlango huu utakuwa na umbo gani miaka 10 ijayo?

Mwongozo huu unamlenga mwanafunzi, ofisa wa kaunti au mwanachama wa kikundi cha usimamizi wa fukwe (BMU) ambaye anaweza kutumia kompyuta kwa ujasiri na hajasahau hesabu za sekondari. Programu zote zitakazotajwa zinapatikana bila malipo. Msimamo wangu, ambao utaonekana katika kila hatua, ni kwamba umbo la mlango huamuliwa na maji yaliyo nyuma yake kuliko na kitu kingine chochote. Kwa hiyo anayetaka kuujua mlango wa Shela hana budi kuanza kazi yake nyuma ya kisiwa, huko Mokowe, Kipungani na Mkanda, ndani ya mikoko, kabla hajaitazama bahari kuu.

Hatua ya kwanza: andika swali moja

Modeli haijengwi kwa ajili ya mahali. Hujengwa kwa ajili ya swali. Katika mwongozo huu swali letu litakuwa hili: ikiwa njia ya Mkanda, ile njia nyembamba kati ya Manda na bara ambayo boti za kisiwa cha Pate huitumia, itaongezwa kina, je, mlango wa Shela utapungua au utabaki ulivyo?

Swali la namna hiyo linahusu miaka kadhaa, na kwa miaka kadhaa programu zinazofaa ni Delft3D, iliyotengenezwa na taasisi ya Deltares ya Uholanzi, au TELEMAC, iliyoanzia Ufaransa, zikiunganishwa na programu ya mawimbi kama SWAN ya chuo kikuu cha Delft. Swali lingekuwa juu ya ufukwe kuliwa katika dhoruba ya siku mbili, tungetumia XBeach. Lingekuwa juu ya miaka 50 au 100, ningeshauri kutegemea zaidi milinganyo mifupi ya hatua inayofuata, kwa sababu makosa madogo ya modeli kubwa hujilimbikiza mwaka baada ya mwaka.

Hatua ya pili: fanya hesabu kwa kalamu na karatasi

Hatua hii ndiyo wengi huiruka, nami naiona kuwa ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, kwa maana atakayeifanya ataweza kulitambua jibu la kompyuta lisiloaminika mara tu atakapoliona.

Mwaka 1931 mhandisi wa Marekani, Morrough O'Brien, alionyesha kwamba eneo la mkato wa mlango, yaani upana wake ukizidishwa kwa wastani wa kina chake, huenda sambamba na ujazo wa maji yanayoingia na kutoka katika bamvua moja, yaani maji yanapojaa na kupwa kwa kiasi kikubwa kabisa. Kwa milango ya mchanga isiyojengewa kuta, mlinganyo wake uliorahisishwa baadaye, ukiandikwa kwa mita, husema kwamba eneo la mkato ni ujazo huo ukizidishwa kwa 0.000066.

Tuchukue tarakimu za mazoezi, ambazo hazikupimwa Lamu. Tuseme nyuma ya mlango kuna maji yenye eneo la kilomita za mraba 40, na tofauti ya maji kujaa na kupwa ni mita 2.5. Ujazo wake ni mita za ujazo milioni 100, na mlango unaolingana nao una mkato wa mita za mraba 6,600. Ukiwa na upana wa mita 700, wastani wa kina chake utakuwa zaidi kidogo ya mita 9. Sasa tafuta kasi kubwa ya mkondo: zidisha ujazo kwa 3.14, kisha gawanya kwa zao la mkato na muda wa mzunguko mmoja wa maji, ambao ni saa 12.42, yaani sekunde 44,712. Jibu ni mita 1.06 kwa sekunde. Ukirudia hesabu hii kwa ghuba ya ukubwa wowote utapata kasi hiyohiyo, na hiyo ndiyo siri ya mlinganyo wa O'Brien: mlango wa mchanga hujichimba au hujifukia mpaka mkondo wake mkubwa wa bamvua ufikie kama mita moja kwa sekunde. Mkondo ukizidi hapo, mchanga huondoka na mlango hupanuka. Ukipungua, mawimbi hushinda na mlango hujaa.

Francis Escoffier aliliendeleza wazo hili mwaka 1940. Alichora mstari unaoonyesha kasi ya mkondo kwa kila ukubwa wa mlango. Mlango ukiwa mdogo mno, msuguano huwa mkubwa na maji huenda polepole. Ukipanuka, kasi hupanda hadi kilele. Ukizidi kupanuka, kasi hushuka tena kwa kuwa maji yaleyale yanapita penye nafasi kubwa. Mstari huo huikata ile kasi ya mita moja kwa sekunde mara mbili. Mkato mkubwa ndio imara. Mkato mdogo ni wa hatari, kwa sababu mlango uliopungua chini yake hauwezi kujirudisha na huendelea kufungika.

Kipimo cha tatu ni cha Per Bruun na Franciscus Gerritsen, waliogawanya ujazo wa bamvua kwa kiasi cha mchanga unaosafirishwa na mawimbi kando ya ufukwe kwa mwaka. Mgawo ukizidi 150, mlango huwa na njia nzuri ya vyombo na fungu dogo la nje. Ukiwa chini ya 20, mlango hauna utulivu, na vyombo hupita kwa mashaka.

Lamu ina jambo la ziada. Maji yaliyo nyuma ya kisiwa yana milango zaidi ya mmoja: Shela upande wa mashariki, Kipungani upande wa magharibi, na Mkanda unaopokea maji kutoka ghuba ya Manda. J. van de Kreeke alionyesha kwamba milango miwili ikigawana ghuba moja ambayo maji yake hupanda na kushuka kwa pamoja, kwa kawaida mmoja hukua na mwingine hufa. Kinachoiruhusu milango mingi kuishi pamoja katika maumbile ni miinuko iliyo chini ya maji, pale ambapo maji yanayojaa kutoka pande mbili hukutana na kusimama, hivi kwamba kila mlango unabaki na eneo lake la kulisha. Kuchimba njia kama Mkanda kunaweza kuwa sawa na kuuvunja mpaka wa namna hiyo. Ndiyo sababu swali letu halitajibiwa na ramani ya Shela peke yake.

Hatua ya tatu: kusanya vipimo vya kina na vya ardhi

Gridi (wavu wa vyumba, kila kimoja na kipimo chake) ya dunia nzima iitwayo GEBCO hutoa kina cha bahari kwa hatua za karibu mita 460. Inatosha kwa bahari ya nje, lakini ndani ya mlango wenye upana wa mamia machache ya mita haina maana yoyote. Ramani za mabaharia zina vipimo bora zaidi, ingawa vingi katika pwani yetu ni vya zamani. Angalia mwaka wa upimaji ulioandikwa pembeni kabla hujaamini namba. Picha za setilaiti ya Sentinel-2, zenye chembe za mita 10, zaweza kukadiria kina penye maji maangavu hadi mita 10 au zaidi kidogo, lakini penye maji ya tope hazioni kitu.

Kwa hiyo itakubidi upime mwenyewe. Boti ndogo, kipima kina cha mwangwi cha wavuvi na kifaa cha GPS vinatosha kuanza. Pita mlangoni kwa mistari sambamba kutoka ufukwe hadi ufukwe, kisha pita kwa mistari michache inayoikata ile ya kwanza ili uone kama vipimo vinakubaliana vinapokutana. Wakati wote huo kipimo cha usawa wa maji kiwe kinafanya kazi mahali fulani karibu, kwa sababu kina ulichosoma saa mbili kina maji mengi au machache kuliko kile ulichosoma saa tano, na usiposahihisha utadhani umeona fungu mahali ambapo maji yalikuwa tu yamepwa. Kabla ya kushuka majini, kaa na manahodha na wazee wa wavuvi, uwaombe wakuonyeshe njia za maji na mafungu yaliyohama katika umri wao. Maelezo yao yatakuonyesha mahali pa kuzidisha mistari ya upimaji.

Kuna mitego mitatu ambayo huharibu modeli za pwani hii.

Mtego wa kwanza ni sufuri. Ramani za mabaharia huhesabu kina kuanzia usawa wa chini kabisa wa maji kupwa, ilhali modeli huhesabu kuanzia usawa wa wastani wa bahari. Tofauti yake mahali penye bamvua kubwa kama letu inapita mita moja, na asiyeiongeza atakuwa ameipunguza bahari yote.

Mtego wa pili ni mfumo wa kuratibu. Ramani za zamani za Kenya zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, na GPS hutumia WGS84. Tofauti kati yake ni takriban mita 300, inayotosha kuuweka mlango wote juu ya nchi kavu. Badilisha kila kitu kiwe WGS84, UTM kanda ya 37 kusini.

Mtego wa tatu ndio mbaya zaidi, kwa sababu haumpi mtu dalili yoyote. Ramani za miinuko zilizotengenezwa kwa rada ya setilaiti, kama zile za SRTM, katika msitu mnene husoma vilele vya miti badala ya ardhi. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Ukiziingiza ramani hizo bila kuzisahihisha, mikoko itakuwa vilima vya mita kadhaa ambavyo maji hayavifikii, na ujazo wote unaoingia humo wakati wa bamvua utapotea. Modeli itaendeshwa vizuri, picha zake zitapendeza, na mlango wa Shela utajifukia kwa sababu umenyimwa maji yake. Dawa yake ni kuuchora mpaka wa mikoko kwa picha za setilaiti, kisha kuipa ardhi yake kimo kilicho kati ya usawa wa wastani wa bahari na usawa wa maji makuu, ukithibitisha kwa kupima sehemu chache kwa miguu. Mkoko wenyewe huishi ndani ya mipaka hiyo ya maji, hivyo kosa litakalobaki ni dogo.

Pamoja na kina, chukua sampuli za mchanga mlangoni, juu ya mafungu, na ndani ya vijito. Chekecha ili ujue ukubwa wa kati wa chembe. Andika pia mahali ambapo chini pana mwamba wa matumbawe na unene wa mchanga ulio juu yake, kwani modeli isiyoambiwa kuna mwamba itauchimba kana kwamba ni mchanga.

Hatua ya nne: chora gridi na mipaka

Kwa swali letu, gridi ianzie magharibi ya Kipungani, ipite Lamu, Manda na ghuba ya Manda, na ifike angalau Pate, ikiwa na vijito vyote vya bara vinavyopokea maji ya bahari. Upande wa bahari ifike penye kina cha mita 50 au zaidi, mbali na mafungu. Vyumba vya gridi viwe vipana baharini, kwa mfano mita 500, vikipungua polepole hadi mita 20 au 30 mlangoni na Mkanda. Hakikisha kila mkondo muhimu una angalau vyumba vitano kwa upana. Chini ya hapo modeli huukokotoa msuguano wake vibaya.

Ukubwa wa chumba huamua hatua ya muda. Wimbi la maji kujaa husafiri kwa kasi iliyo sawa na kipeuo cha pili cha zao la 9.81 na kina. Penye kina cha mita 20 ni mita 14 kwa sekunde, hivyo hukivuka chumba cha mita 20 kwa sekunde 1.4. Kanuni ya Courant, Friedrichs na Lewy ya mwaka 1928 husema kwamba katika njia za wazi (explicit) za ukokotoaji hatua ya muda isizidi hapo. Programu nyingi za leo hutumia njia zinazoruhusu hatua ndefu zaidi, lakini usikubali kurefusha bila kulinganisha matokeo na yale ya hatua fupi.

Mpaka wa bahari hupewa vijenzi vya maji kujaa na kupwa, yaani mizunguko mbalimbali ambayo hujumlishwa kupata usawa wa maji, kutoka modeli za dunia kama TPXO au FES2014. Vikuu kwetu ni M2, kijenzi cha mwezi chenye saa 12.42, na S2, kijenzi cha jua chenye saa 12. Kukutana na kupishana kwao ndiko kunakoleta bamvua na maji mafu (tofauti ndogo kabisa ya kujaa na kupwa) kila siku 14.77. Ongeza N2, K1, O1 na K2. Usiweke mto wowote mpaka uwe umejua unaleta nini; kwa Shela mito haina uzito mkubwa.

Malindi ni kinyume. Mto Sabaki huleta tope jingi sana, ambalo wakati wa kaskazi husukumwa kusini kuelekea ghuba ya Malindi na wakati wa kusi hupelekwa kaskazini. Anayefanya kazi huko aweke mchanga na tope kuwa mashapo mawili tofauti tangu mwanzo.

Hatua ya tano: endesha maji peke yake

Zima mawimbi, zima mchanga. Endesha maji kwa siku 30, ukizitupa siku mbili za kwanza ambazo modeli inatulia, kisha linganisha na vipimo. Lamu na Mombasa zimekuwa na vituo vya kupima usawa wa bahari ambavyo rekodi zake huhifadhiwa na kituo cha usawa wa bahari cha chuo kikuu cha Hawaii. Weka pia vipimashinikizo (vifaa vinavyopima usawa wa maji kwa shinikizo lake) viwili au vitatu vya kwako: kimoja nje ya mlango, kimoja Mokowe, kimoja Mkanda. Siku 29 za rekodi hutosha kuvitenganisha vijenzi vikuu.

Rekebisha msuguano tu, na kwa kiasi. Mgawo wa Manning, namba inayoonyesha ukubwa wa msuguano, kwa sakafu ya mchanga ni kati ya 0.02 na 0.03, na ndani ya mikoko hufika 0.1 au zaidi. Ikiwa unalazimika kuuvuta nje ya mipaka hiyo ili modeli ikubaliane na kipimo, basi kosa liko kwenye kina. Rudi hatua ya tatu.

Usawa wa maji peke yake hautoshi kuthibitisha. Modeli yaweza kupata usawa sahihi Mokowe huku ikiwa imeyapitisha maji mlango usio wake. Kwa hiyo pima mkondo: siku ya bamvua, kaa mlangoni kwa saa 13 mfululizo na kifaa cha kupima mkondo kwa mwangwi wa sauti, ukivuka kutoka Shela hadi Ras Kitau kila nusu saa. Usipopata kifaa hicho, maboya yenye GPS yaliyoachiwa huru yataonyesha angalau kasi na mwelekeo wa maji ya juu. Rudia Mkanda, na huko utafute hasa mahali maji ya pande mbili yanapokutana. Modeli ikikosea mahali hapo, haiwezi kulijibu swali letu hata ikiwa sahihi kwingine kote.

Kisha tazama kijenzi kidogo kiitwacho M4, chenye saa 6.21. Hakitoki baharini, huzaliwa ndani, maji yanapokwaruzana na sakafu na kuenea katika mikoko. Penye njia za maji haba, maji hujaa kwa haraka na kupwa polepole, na mkondo wa kujaa huwa na nguvu zaidi. Penye eneo kubwa la mikoko linalofunikwa wakati wa maji makuu, mara nyingi huwa kinyume, na mkondo wa kupwa hushinda. Tofauti hiyo ndogo ina athari kubwa, kwa sababu katika mlinganyo wa Engelund na Hansen wa mwaka 1967 kiasi cha mchanga hufuata kasi ikiinuliwa kwa kipeo cha 5. Mkondo wa kujaa ukiwa mita 1.1 na wa kupwa mita 1.0 kwa sekunde, wa kwanza hubeba mchanga mara 1.6 ya wa pili. Hapo ndipo mikoko inapoingia katika hesabu ya mlango: ukiikata na kuifukia, hupunguzi ujazo wa maji tu, waweza pia kugeuza mwelekeo ambao mchanga unasafiri.

Hatua ya sita: ongeza mawimbi

Chukua mawimbi kutoka ERA5, kumbukumbu ya kituo cha hali ya hewa cha Ulaya inayotoa kimo, kipindi na mwelekeo wa mawimbi kila saa kuanzia mwaka 1940. Chagua nukta iliyo bahari kuu, kwa maana gridi yake ya mawimbi ni ya nusu digrii na haivioni visiwa vyetu. SWAN itayaleta mawimbi hayo hadi ufukweni, ikihesabu yanavyopinda, yanavyopungua na yanavyovunjika kimo kikifika karibu robo tatu ya kina.

Huwezi kuendesha kila saa ya miaka 10. Gawanya mawimbi katika makundi 10 au 12 kwa mwelekeo na kimo, kila kundi likiwa na asilimia yake ya mwaka. Yapime makundi kwa uwezo wake wa kusafirisha mchanga, ambao hufuata kimo cha wimbi linalovunjika kikiinuliwa kwa kipeo cha 2.5, usiyapime kwa wingi wa siku tu. Usiyachanganye kamwe ya kusi na ya kaskazi katika wastani mmoja. Wastani wa mawimbi yanayotoka kusini mashariki na yale yanayotoka kaskazini mashariki ni wimbi linalokuja moja kwa moja kutoka mashariki, ambalo halisafirishi mchanga wa kila msimu ipasavyo na huenda hata haliji mara nyingi.

Unganisha maji na mawimbi ili yapashane habari angalau kila saa moja ya modeli. Mkondo wa kupwa unaokutana na mawimbi huyainua na kuyafupisha. Mawimbi yenye kipindi cha sekunde 3 husimamishwa kabisa na mkondo wa mita 1.2 kwa sekunde. Hali hiyo ndiyo huifanya milango ya bahari kuchafuka maji yanapopwa dhidi ya upepo, na ndiyo huinua mchanga juu ya fungu la nje.

Hatua ya saba: washa mchanga

Ingiza ukubwa wa chembe ulioupata, uzito wa kilo 2,650 kwa mita ya ujazo kwa mchanga wa kwarzi, na uwazi wa asilimia 40 kati ya chembe. Kwa mawimbi na mkondo pamoja, milinganyo ya Leo van Rijn ndiyo hutumika sana. Badiliko la sakafu lenyewe hufuata kanuni nyepesi ya Felix Exner: mchanga ukiingia chumbani kuliko unaotoka, sakafu hupanda, ukitoka kuliko unaoingia, hushuka.

Endesha mizunguko michache ya bamvua na utazame mishale ya mchanga kabla ya kuiruhusu sakafu ibadilike. Mchanga utoke kwa nguvu katikati ya mlango, utue kwenye fungu la nje, na urudi kando kando ya ufukwe. Usipouona mzunguko huo, hakuna haja ya kuendelea.

Hatua ya nane: harakisha muda kwa uangalifu

Maji hubadilika kwa saa, sakafu kwa miezi. Mbinu iliyoenezwa na Dano Roelvink na wenzake ni kulizidisha badiliko la sakafu katika kila hatua ya muda kwa kizidishi. Kundi la mawimbi linalochukua asilimia 10 ya mwaka, yaani siku 36.5, likiendeshwa kwa mizunguko miwili ya maji, ambayo ni siku 1.035, litahitaji kizidishi cha 35.

Kizidishi kina mpaka wake. Endesha mwaka mmoja kwa vizidishi vidogo, kisha kwa vikubwa, ulinganishe. Ongeza mpaka pale matokeo yanapoanza kutofautiana, halafu rudi nyuma. Sakafu isibadilike kwa zaidi ya asilimia 5 hadi 10 ya kina katika mzunguko mmoja wa maji. Panga misimu kwa zamu, kusi kisha kaskazi, mwaka baada ya mwaka, badala ya kumaliza miaka 10 ya kusi kwanza.

Ukitaka kuyawakilisha maji yote kwa mzunguko mmoja, chagua ulio mkubwa kuliko wastani kwa asilimia 7 hadi 20. Sababu ni kile kipeo cha 5: bamvua ambalo mkondo wake ni mara 3 ya ule wa maji mafu lina uwezo wa kubeba mchanga mara 243.

Hatua ya tisa: ijaribu modeli kwa miaka iliyopita

Picha za setilaiti za Landsat, zenye chembe za mita 30, zinapatikana kuanzia miaka ya 1980. Chagua picha zilizopigwa katika hali ya maji inayofanana, uchore kingo za mafungu ya Shela na Ras Kitau, kisha uendeshe modeli kutoka umbo la zamani hadi la karibuni. Matokeo hupimwa kwa alama ya ustadi ya Brier (Brier Skill Score): 1 ni ukamilifu, na 0 maana yake modeli haikufanya vizuri kuliko mtu aliyesema hakuna kitakachobadilika. Alama ya chini ya sufuri inakutaka urudi nyuma. Kwa mafungu ya mchanga, alama ya 0.3 au 0.4 ni kazi nzuri, na asikudanganye mtu kwamba ni aibu, kwani hata milinganyo bora ya mchanga huwa sahihi kwa kiwango cha mara mbili au nusu ya kiasi halisi.

Hatua ya kumi: liulize swali

Sasa endesha modeli mara mbili kwa miaka 10: mara moja na Mkanda ilivyo, mara moja na Mkanda iliyochimbwa. Toa tofauti kati ya matokeo hayo mawili. Makosa mengi yaliyo katika zote mbili hufutana, na kwa sababu hiyo tofauti huaminika kuliko kila tokeo likiwa peke yake. Tazama kwanza ujazo unaopita Shela, kisha mkato wake, kisha mafungu. Ujazo ukipungua kwa asilimia 10 na mkato usibadilike kabisa, rejea karatasi ya hatua ya pili kabla ya kuishangilia habari hiyo. Kuna uwezekano mkubwa kwamba miaka 10 haikutosha au mwamba umeshikilia sakafu.

Rudia jozi hiyo kwa chembe ndogo na kubwa za mchanga, kwa msuguano wa juu na wa chini, na kwa usawa wa bahari uliopanda. Unapowasilisha kwa kaunti, kwa wavuvi au kwa wenye boti, usionyeshe mstari mmoja wa ufukwe wa miaka ijayo. Onyesha ukanda ambao mistari yote imeangukia, na useme waziwazi ni katika majaribio mangapi fungu lilifika penye njia ya vyombo.

Baada ya hapo pimeni mikato ileile ya mlango mara mbili kwa mwaka, kusi inapokwisha na kaskazi inapokwisha, na faili za vipimo zihifadhiwe pamoja na modeli, kila moja ikiandikwa tarehe, saa, sufuri ya kina na mfumo wa kuratibu, ili atakayeiendesha tena mwakani aanze na sakafu ya mwakani.